Evaristi na Majina Yake wa Chuma

Jumamosi iliyopita nilimfukuza mjukuu wangu Sefu uwanjani kwangu, na mpaka leo sijamwomba radhi. Nilimtuma ababue mbuzi. Badala ya kukusanya makuti makavu ya michikichi, yeye akaleta tairi kuukuu la pikipiki, akalitia moto na kumgeuzageuza mbuzi juu yake, kama wanavyofanya vijana wa siku hizi hapa Alunguli, kwa sababu tairi halihitaji kupulizwa. Moshi mweusi ukaniingilia chumbani. Nilikuwa nimeinama sandukuni natafuta kitambaa fulani cha buluu, na ile harufu iliponifikia nikasahau natafuta nini. Nikatoka kichwa wazi, fimbo mkononi, nikasema maneno ambayo kikongwe wa umri wangu hatakiwi hata kuyajua.

"Lakini Koko, iko tairi tu," Sefu akaniambia.

Tairi tu. Huyu amezaliwa mpira umeshakuwa kitu cha kununua dukani. Ninyi wenzangu mliozaliwa wakati wa Bulamatari, ile serikali ya Wazungu, mnajua mpira ulivyonuka kabla ya kuwa tairi, ulipokuwa bado mikate myeusi iliyoganda, imechacha, inalala ndani ya nyumba pamoja na watu. Harufu ya moshi si ileile, lakini ni ndugu yake, na pua yangu haijui kutenganisha ndugu. Na mbuzi yule hakuwa wa kubabuliwa kwa mpira. Alikuwa mbuzi wa kuondolea matanga ya mdogo wangu Evaristi, aliyekufa wakati mimi nimeanza kung'oka meno ya mbele. Mtaniuliza ni matanga gani hayo yaliyokaa umri mzima wa mtu bila kuondolewa. Niacheni niseme kwa mwendo wangu.

Vita ya Wazungu ilikuwa mbali sana na sisi, lakini kazi zake zilikuwa hapa. Baba alikuwa akipelekwa porini upande wa Pangi pamoja na wanaume wengine wa Alunguli, kukata kamba za mpira na kukinga utomvu wake. Alipotea mwezi na zaidi, kisha akarudi amekonda, vidole vimepasuka, na nywele zimegandamana kwa utomvu hata Mama akawa anazikata kwa wembe. Mikate ya mpira ililala kwetu kabla ya kuvushwa mto Lualaba kwenda kupimwa ng'ambo, penye ofisi na gari-moshi. Aliyepeleka pungufu alilazwa chini akachapwa kiboko mbele ya wenzake. Siku Baba alipochapwa mimi sikuwapo. Niliona tu Mama akimkanda mgongo kwa maji ya moto, na Baba ameuma ukingo wa mkeka ili sisi watoto tusisikie.

Ng'ambo huko, kwenye ukuta wa ofisi ya Bwana Mkubwa, ilitundikwa picha ya manowari. Tulipovuka na Koko kwenda kuuza mchele, tulipita mbele yake. Koko, ndivyo tunavyomwita bibi, alikuwa mama yake Baba, mwanamke mfupi, mkali, mwenye kutwanga mpunga mpaka vijana wakaona haya kukaa karibu naye. Meli ile ilikuwa nyembamba, ya kijivu, ina mizinga mbele na nyuma, na pua yake ilipasua maji meupe. Aliyetueleza habari zake alikuwa jirani yetu Lazaro, karani katika ofisi ileile. Lazaro alikuwa mtu wa masihara, mrefu, mwenye suruali fupi iliyopigwa pasi hata siku ya mvua.

"Hii njo manowari Evaristi," alisema, kama vile yeye ndiye aliyeiunda. "Kazi yake kuwinda zile meli zenye kujificha chini ya maji. Mpira yenu yote inakwenda kule. Bwana anasema manowari hii iko mutoto wa Maniema."

Koko aliitazama muda mrefu, kikapu kichwani. "Chuma tupu?" akauliza.

"Chuma tupu, Koko. Mwili wote."

Sasa lazima niseme kuhusu majina, maana wajukuu zangu wenyewe hawayajui tena sawasawa. Kwetu, mtu mwenye jina lako tunamwita majina yako. Huko pwani nasikia wanasema somo. Lakini si jambo la kufanana jina tu na kucheka. Ukipewa jina la mtu, ninyi wawili mmefungwa. Yeye ndiye anayekuletea nguo yako ya kwanza. Mkikutana mnakula sahani moja. Akifa yeye kwanza, wewe unafichwa: unapakwa majivu, jina lako halitajwi, unaitwa kitu kingine cha hovyo, na hukaribii kile kilichomuua, mpaka matanga yake yaondolewe, ili kifo kisije kikasikia jina lilelile kikadhani bado kuna kazi. Na ukifa wewe kwanza, yeye lazima aje. Analeta sanda, anatupa udongo wa kwanza, anachukua jina lake na kwenda nalo. Asipokuja, matanga hayaondolewi. Watu wanakaa tu.

Kati yangu na Evaristi walipita wengine ambao hawakukaa. Mmoja alipewa jina la babu yetu, mwingine la mjomba wa Mama kule Kibombo, na kila aliyepewa jina la mtu wa ukoo wetu alirudi alikotoka kabla ya kuota meno. Kwa hiyo Mama alipochukua mimba tena, Koko alisema safari hii mtoto hatapewa jina la mtu wa damu yetu wala la mtu yeyote mwenye damu. Mvulana alipozaliwa, Koko alimfunga mgongoni kabla hata kitovu hakijakauka vizuri, akavuka naye mto, akasimama mbele ya ukuta wa ofisi na kumwinua ili picha imwone. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa kanga yake. Watu walicheka. Lazaro alitoka nje na kalamu sikioni.

"Koko, ile jina iko ya Kikristo. Weye unasali na Waislamu."

"Chuma haina dini," Koko akajibu. "Na haiuguwe homa."

Ndivyo mdogo wangu alivyoitwa Evaristi. Baba aliporudi kutoka porini na kuambiwa, alitazama mikono yake, kisha akasema basi, angalau sasa anajua mpira anampelekea nani. Alisema kwa uchungu, naelewa leo. Wakati ule nilimwelewa kwa njia yangu. Nilishika kwamba manowari inakula mpira. Baba anaingia porini kumtafutia chakula majina ya Evaristi, naye majina akishiba anampa Evaristi nguvu, na ndiyo maana mtoto wetu amenenepa. Hesabu yangu ilikamilika hivyo, na nikawa simwonei Baba huruma tena anapoondoka. Nilimwambia tu, "Umupelekee mingi." Alinitazama kwa namna ambayo sikuielewa, akachukua panga lake akaenda.

Miezi michache baadaye Lazaro alikuja nyumbani jioni akiwa ameficha kitu nyuma ya mgongo. Alikuwa mtu wa masihara, nimeshasema, lakini pia alikuwa hana mtoto, na Evaristi alikuwa akimrukia kila anapopita. Alitoa kitambaa cha buluu, kizito, kimepindwa vizuri pembeni.

"Majina yake ametuma," akasema.

Mama alikitambua mara moja. Alikuwa amekiona kwenye duka la Mgiriki karibu na stesheni. Alifungua mdomo, kisha akaona uso wa Koko na kuufunga. Koko alikipokea kwa mikono miwili na kupiga goti, yeye ambaye hakuwahi kumpigia mtu goti isipokuwa Mungu. Machozi yalimtoka. Tangu siku hiyo, kwake yeye, lolote alilosema Lazaro kuhusu manowari lilikuwa neno la mjumbe.

Na Lazaro aliongea, jamani. Kila alipovuka mto kurudi nyumbani alipitia kwetu na habari. Manowari iko kwenye bahari ya baridi, ambako maji yakirukia juu ya meli yanakuwa jiwe, na mabaharia wanayavunja kwa mashoka. Manowari inachunga meli za mizigo, inazizunguka usiku na mchana. Jana imevua watu majini, weusi kwa mafuta. Mengine aliyasikia kwenye redio ya Bwana, mengine aliyatia chumvi, na Koko aliyapokea yote akiuliza maswali ambayo mtu humuuliza ndugu aliye safarini: anakula, analala, anavaa nini kwenye baridi hiyo. Mimi nilikuwa na swali moja tu. Atakuja lini?

"Hawezi," Baba alinijibu siku moja. "Iko maporomoko. Meli ya bahari haipandi Lualaba."

"Na zile meli zetu za hapa zilipanda namna gani?"

Akanieleza kwamba zililetwa vipande vipande kwa gari-moshi, na mafundi wakaziunganisha hapahapa ukingoni kwa misumari mikubwa. Basi nikatulia. Kila gari-moshi lilipoingia na sisi tuko ng'ambo, nilichungulia mabehewa kama yana vipande vya kijivu. Niliona marobota, mapipa, wakati mwingine ng'ombe. Sikukata tamaa. Niliamini pua itatangulia, maana ndiyo niliyoijua zaidi kwenye picha.

Evaristi alianza kutembea, akaanza kusema. Ukimwita popote alipo, nyuma ya jiko, chini ya kitanda, hakuja, ila alijibu kwa sauti nene isiyofanana na umbo lake: "Iko," yaani nipo. Koko alikuwa akimwita bila sababu, ili asikie tu. "Evaristi." "Iko." "Evaristi." "Iko." Anacheka peke yake, anaendelea kutwanga.

Siku ile Lazaro hakubisha hodi kwa mbwembwe zake. Alisimama mlangoni, kofia mkononi. Baba alikuwa porini. Mama alikuwa akipepeta mchele, Koko yuko kwenye kinu.

"Mama Evaristi," akasema, "picha wameitosha, wameiondoa kwenye ukuta."

"Wameitosha kwa nini?"

"Manowari wameipiga. Bwana alisikia kwa redio. Iko chini ya maji."

Koko aliacha mchi usimame wenyewe ndani ya kinu. "Nani iko chini ya maji?"

"Majina ya mutoto, Koko."

Hakuna aliyelia. Koko alikwenda jikoni, akachota majivu, yakiwa bado na joto, akampaka Evaristi kwenye paji la uso, kifuani na kwenye nyayo. Mtoto alidhani ni mchezo. "Kutoka sasa huyu njo Majivu," Koko akasema. "Mwenye ataita ile jina ingine, miye na yeye tumemalizana." Kisha akatuambia mtoto asipelekwe mtoni, asiogeshwe kwa maji ya mtoni, asivushwe. Nguo ya buluu ikaingia sandukuni.

Nilifikiri maji yote ni mamoja. Sikujua kwamba bahari ile iko upande mwingine wa dunia. Nilijua tu kwamba Evaristi wa chuma yuko chini ya maji, na maji niliyoyajua ni Lualaba. Tulipovuka kwa mtumbwi nilitazama chini nikamtafuta. Siku moja gogo liligonga mtumbwi kwa chini, nikapiga kelele mpaka mpiga kasia akatishia kunishusha, maana nilijua ni yeye anabisha, anataka kupanda.

Koko alisubiri matanga ya manowari yaondolewe ili mtoto arudishiwe jina lake. Lakini nani angeyaondoa? Alimuuliza Lazaro watu wake wako wapi, wanakaa matanga wapi, wataondoa lini. Lazaro alisema hajui, na safari hii hakutia chumvi. Muda ukapita, mtoto akabaki Majivu. Ukimwita Majivu hakujibu. Alikutazama tu, akingoja jina lake.

Masika yalipokaribia, akaanza kulala mchana. Alilala akiwa amekaa, kipande cha muhogo mdomoni. Kope zilivimba, na nyuma ya shingo yake zikatokea tezi, ngumu, zinazoteleza chini ya kidole. Alunguli nzima ilijua maana yake. Ni malale, ugonjwa wa kulala, na watu wake walikuwa wamejaa kwenye nyumba ya ugonjwa ng'ambo, wengine wamefungwa kwa kamba kwa sababu ya wazimu. Lakini kulikuwa na sindano. Waliochomwa mapema walipona, tuliwaona wakitembea. Na waganga wa malale walikuwa njiani kuja Alunguli kupima watu.

Mama alimkabili Koko jikoni, sufuria ya sombe, majani ya muhogo, katikati yao.

"Mama, shingo yake imevimba. Waganga wanavuka kesho. Nitamupeleka."

"Anachoka tu."

"Hapana kuchoka hii. Unajua."

"Utamupeleka," Koko akasema polepole. "Watamwita jina yake mbele ya watu, kando ya maji palepale. Ile kitu yenye ilimeza mwenzake itasikia. Nani ataitika? Weye?"

Mama alikoroga sombe.

"Wale wengine nilizika na weye," Koko akaendelea, na sauti yake haikuwa kali tena. "Miye nilishika miguu, weye ulishika kichwa. Huyu hapana. Huyu sitamushika miguu."

Sijawahi kumchukia Koko, na msinitazamie nimchukie leo. Alikuwa akimpigania mtoto kwa silaha aliyokuwa nayo.

Asubuhi Mama alimfunga mgongoni, akanishika mkono tukaenda. Aliasi. Nataka hilo lijulikane. Watu walikuwa wamepangwa kwenye uwanja wa ukingoni, wanaume upande mmoja, wanawake na watoto upande mwingine, na waganga wameketi kwenye meza chini ya hema. Mmoja wao aliita jina kutoka daftarini, mwenye jina akaitika, akaenda mbele, akashikwa shingo. Ndivyo walivyofanya kazi, kwa majina, haraka haraka, maana mvua ilikuwa imefunga upande wa Pangi. Koko alitufuata. Alisimama mbali kidogo, nyuma yetu.

Wakaniita mimi. Niliitika, nikashikwa shingo, nikarudi. Kisha mganga akaita, "Evaristi."

Nilikuwa sijalisikia jina lile tangu siku ya majivu. Lilienda mbali juu ya maji. Mama alikuwa ameshika mkono wangu, na vidole vyake vikakaza mpaka nikaumia. Mgongoni mtoto alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi. Siku nyingine zote angejibu mwenyewe kwa ile sauti yake nene, na mambo yangekwisha hapo.

"Evaristi. Hayuko?"

Mama akasogea mpaka mezani bila kuitika. Akageuza mgongo ili mganga amwone mtoto. "Na huyu?" akanong'ona.

"Jina?"

"Majivu."

"Hapa hakuna Majivu. Mama, sema jina ya kweli ya mutoto, watu wanangojea."

Mama alitazama mto. Alimtazama Koko. Akarudi kumtazama mganga, na midomo yake ikafanya umbo la jina, nililiona mimi niliyekuwa chini nikimtazama, umbo lote kuanzia mwanzo mpaka mwisho, lakini sauti haikutoka. Mganga alingoja. Sitamlaumu, alingoja. Kisha akapunga mkono na kumwita mwingine, na mvua ikaanza kunyesha.

Hawakurudi tena mpaka mwaka mwingine. Evaristi hakuwa na mwaka mwingine. Alilala masika yote. Ulimwamsha ili ale, akatafuna mara mbili akasinzia. Mwishoni alilia kila alipoguswa, hata kwa unyoya wa kuku. Baba alirudi kutoka porini, akamkuta bado anapumua, akamlaza kifuani kwake kwenye ile harufu ya mpira, na hapo ndipo alipomalizikia. Koko alimshika miguu.

Hakukuwa na jambo la kuficha tena, lakini Koko hakumzika na nguo ya buluu. Alisema nguo hiyo aliletewa na marehemu, na marehemu hamvishi marehemu. Wakamfunga shuka la Baba.

Tulikuwa bado kwenye mkeka wa matanga, wanawake wamefunga vichwa, Lazaro alipotokea. Alikuwa ametumwa Kibombo na Bwana wake tangu mvua zianze, hakujua lolote. Nilimwona kutoka mbali akipanda njia ya mtoni, karibu kukimbia, suruali imechafuka na yeye hajali, anacheka.

"Koko! Mama Evaristi! Ile habari ilikuwa ya bure. Hakuzama. Walimuvuta mpaka bandari, wanamutengeneza. Picha wameirudisha kwenye ukuta, nimeiona na macho yangu. Majina yake iko muzima."

Kisha akaona mkeka, akaona vichwa, akahesabu watoto na kumkosa mmoja.

Koko alimtazama. "Iko muzima?"

"Koko, miye sikujua..."

"Ninakuuliza. Iko muzima?"

"Iko muzima," Lazaro akasema.

"Basi kamwambie."

"Nimwambie nani, Koko?"

"Majina yake. Mwambie mwenzake amekufa. Akuje na sanda, akuje atupe udongo, achukue jina yake aende nayo. Tunamungojea."

"Koko," Lazaro akasema, na alikuwa akilia, "ile ni meli."

"Ulimuletea mutoto nguo yake. Njia unaijua."

Mama alimwinulia Lazaro macho. Alingoja aseme nguo ile ilitoka wapi. Nami nilingoja, ingawa sikujua nangoja nini. Lazaro aliketi chini kwenye udongo, magoti yake marefu yamemfikia kidevuni, akafuta uso kwa kofia. Mwishowe akasema tu, "Nitamwambia."

Basi tukakaa. Mkeka uliondolewa baada ya muda, maana watu lazima wapite, na vita ikaisha, na mpira ukaisha, Baba akapata kazi ya kupanga kuni ukingoni kwa ajili ya meli za mtoni. Lakini matanga hayakuondolewa. Hakuchinjwa mbuzi, Koko hakunyoa nywele, na jina lile hakupewa mtoto mwingine yeyote wa ukoo wetu. Kila alipokutana na Lazaro alimuuliza, bila hasira, "Amejibu?" Lazaro alijibu, "Bado, Koko." Akazeeka akijibu hivyo. Koko alikufa nywele zake zikiwa nyeupe na ndefu chini ya kilemba. Mama akayapokea matanga kutoka kwake. Wakati wake ulipofika, Mama aliniuliza kitu kimoja tu, macho yamefumbwa: walimwita mara ngapi siku ile? Nikamwambia sikumbuki. Akasema, "Ilikuwa neno moja tu."

Nikabaki nayo mimi.

Mjukuu wangu Mariamu anasoma Ulaya, katika mji wenye bandari. Mwaka jana, katika maongezi ya simu, nilimtajia manowari ile kama mtu anavyotaja ndoto. Hakuniambia kama anaitafuta. Mwezi uliopita akanipigia. "Koko, nimemupata."

Akanisomea maisha yake yote, na mimi nimekaa kitandani nimeshika simu kwa mikono miwili. Aliundwa kabla ya vita. Alipewa jina la amiri mmoja wa zamani, aliyepigana enzi za meli za upepo. Kumbe naye alikuwa na majina yake, ameshakufa zamani hata kabla chuma hakijachimbwa, na hakuna aliyempaka majivu. Alichunga meli za mizigo kwenye bahari ya baridi, hapo Lazaro hakudanganya. Alipigwa usiku, pua ikafunguka, maji yakaingia, na mabaharia wakafunga milango ya chuma wenzao wakiwa ndani wanagonga, ili meli isizame. Haikuzama. Akavutwa, akatengenezwa, akarudi vitani. Vita ilipoisha akafungwa bandarini akaota kutu, hakuna aliyemtaka. Akauzwa. Akakatwa vipande vipande, na vipande vikayeyushwa.

"Pua pia?" nikauliza.

"Yote, Koko."

Basi alisafiri kwa vipande kama nilivyotegemea, ila hakuletwa kwetu. Niliposhusha simu nilijua kwamba hakuna wa kungojewa tena. Wote wawili wamekufa, na mimi ndiye mkubwa aliyebaki.

Kwa hiyo mbuzi wa Sefu nilimgawa kwa majirani wasiojali harufu, akaletwa mwingine, akababuliwa kwa makuti. Nilinyolewa Jumapili asubuhi. Kaburi halionekani siku hizi. Mji umekua, watu wamejenga, na alipolala Evaristi sasa ni nyuma ya jiko la mwanamke nisiyemfahamu. Nilimwendea nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akaondoa beseni lake la vyombo, akafagia. Tukasimama hapo, watoto wangu, wajukuu, Sefu nyuma kabisa amenuna. Nikachimba kidogo kwa jembe la yule mama nikafukia nguo ya buluu. Nguo ya Mgiriki, nguo ya Lazaro, vyovyote. Kwa Koko ilitoka kwa majina yake, na Koko ndiye mwenye matanga.

Matanga yakiondolewa, jina huitwa kwa sauti mara ya mwisho na mtu wa ukoo huliitikia, ili liwe huru. Nilivuta pumzi.

"Evaristi."

Yule mama aliacha kupepea moto wake. Mto ulionekana kati ya nyumba mbili. Wanangu walinitazama, hawakujua wafanye nini, maana hakuna aliyewahi kuwafundisha, na nilihisi kimya kile kikianza kunikaba mkono kama vidole vya Mama siku ile.

Nikaitika mimi mwenyewe. "Iko," nikasema. "Iko hapa."